Masomo ya Baada ya Shule Ngarama na Mbarara: Kwa Nini Tulibadili Ratiba

Wasomaji wetu kadhaa wametuuliza kwa nini tuliifumua ratiba ya masomo ya baada ya shule upande wa Ngarama, ilhali ile ya kituo cha jamii mjini Mbarara inaendelea vizuri. Swali lao ni la haki. Ratiba ilikuwa moja, wafundishaji wa kujitolea walikuwa wanafunzi wetu wale wale wa idara, na hata vitabu vilitoka katika sanduku moja. Makala haya yanaeleza kilichotokea, na yanapendekeza mambo ambayo kituo chochote chenye watoto wa lugha mbalimbali kinaweza kuyajaribu bila fedha nyingi.

Kwa wale ambao hawajafika, Ngarama ni eneo la wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki mwa Mbarara, na sehemu yake inagusana na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo ni miongoni mwa makongwe kabisa katika Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Leo Wakongo ndio wengi zaidi. Watoto wao husoma pamoja na watoto wa wenyeji Wanyankore katika shule zile zile, maana sera ya Uganda haiwatengi. Sokoni, kisimani na kwenye foleni ya mgao, lugha inayowaunganisha wengi ni Kiswahili. Idara ya Kiswahili ingetamani nini zaidi ya hapo? Tulikwenda kwa furaha kubwa, na pengine furaha hiyo ndiyo iliyotufanya tusiulize maswali ya kutosha.

Kosa la saa

Ratiba ya Mbarara huanza saa kumi na moja jioni na kumalizika saa kumi na mbili na nusu. Mjini inafaa. Watoto wengi wanaishi jirani, umeme upo mara nyingi, na mzazi akitoka kazini humpitia mwanawe. Tuliichukua ratiba hiyo kama ilivyo tukaipeleka Ngarama. Siku ya kwanza tuligawa madaftari na kalamu, chumba kikafurika hadi watoto wakakaa madirishani. Tulipiga picha. Wiki ya tatu walibaki wachache, na karibu wote walikuwa wavulana.

Mwanzoni tulilaumu wazazi. Tulisema hawathamini elimu, maneno ambayo sasa tunaona haya kuyakumbuka. Ndipo mwanafunzi wetu mmoja akapendekeza tuwaulize watoto wenyewe. Aliwaomba wachore mchangani mchana wao wote kwa vijiti na vijiwe, tangu kengele ya shule hadi kulala. Tulichokiona kilitunyamazisha. Saa kumi na moja, msichana wa miaka kumi yuko kwenye foleni ya maji na majerikeni mawili, au anatafuta kuni, au amebeba mdogo wake mgongoni huku mama akipika. Karibu na Ikweta jua huzama mnamo saa moja jioni, mwaka mzima, wala halichelewi. Mtoto anayetoka kituoni saa kumi na mbili na nusu na kutembea kwa miguu hadi kijiji cha mbali atafika nyumbani gizani. Hakuna mzazi mwenye busara atakayemruhusu binti yake afanye hivyo. Kumbe wale wazazi tuliowalaumu walikuwa wakiwalinda watoto wao.

Michoro hiyo ilituonyesha pia jambo ambalo hatukulitarajia. Watoto wa madarasa ya chini hutoka shuleni mapema, na wengi huranda uwanjani wakiwasubiri kaka na dada zao wa madarasa ya juu ili warudi pamoja. Hapo palikuwa na saa nzima, au zaidi, isiyotumiwa na mtu yeyote. Basi sasa watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu hukutana nasi saa nane mchana, chini ya mti, palepale karibu na shule. Hawatembei hatua ya ziada.

Kwa wakubwa tuliona Jumamosi asubuhi ingefaa, nasi tukatangaza. Jumamosi hiyo Wasabato hawakuja, na miongoni mwa familia za Kikongo Wasabato si haba. Tukahamia Ijumaa mchana, tukawakosa Waislamu. Tena watoto wengi wa Kisomali wana madrasa yao alasiri, ambayo kwa wazazi wao ni masomo ya baada ya shule yaliyokuwapo kabla yetu na yatakayokuwapo baada yetu. Hatimaye tulifanya lile tulilopaswa kulifanya mwanzo: tuliita kikao cha wazazi wa pande zote, tukakaa kimya, nao wakapanga. Makundi mawili, siku mbili tofauti, na hakuna kundi linalomalizika baada ya saa kumi na moja.

"Mtihani ni wa Kiingereza"

Katika kikao hicho baba mmoja kutoka Kivu alisimama akatuuliza swali ambalo kila mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda analifahamu. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yaani PLE, una karatasi nne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Zote zinaandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili hakimo. "Sasa nyinyi," alisema, "mnakuja kumfundisha mwanangu lugha anayoijua, wakati anafelishwa na lugha asiyoijua?"

Hatukuwa na jibu zuri siku hiyo. Tunalo sasa, ingawa si lile ambalo wapenzi wa Kiswahili wangependa kulisikia. Mtoto wa Ngarama hahitaji somo la Kiswahili baada ya shule. Anahitaji masomo yake ya shule yafafanuliwe kwa Kiswahili.

Tueleze tofauti hiyo. Mtaala wa Uganda wa mwaka 2007 unaagiza madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo, halafu Kiingereza kishike nafasi kuanzia darasa la nne. Katika Isingiro lugha ya eneo ni Kinyankore. Kwa hiyo mtoto aliyetoka Bukavu huanza na lugha ambayo si yake, na kabla hajaizoea, inabadilishwa. Mwenzake aliyekuja na umri mkubwa zaidi ana shida nyingine. Alikuwa amefika darasa la tano huko Kongo kwa Kifaransa, lakini kwa kuwa hajui Kiingereza anarudishwa la pili au la tatu. Tuna msichana wa namna hiyo katika kundi letu. Ana miaka kumi na mitatu na anakaa dawati moja na watoto wa miaka minane. Hesabu zao anazijua zote, maana alishazisoma. Kinachomshinda ni sentensi iliyoizunguka hesabu.

Hapo ndipo tulipopata njia tunayoitumia hadi leo. Tunachukua swali kutoka katika daftari la shule kama lilivyo, kwa Kiingereza chake. Mathalani swali linasema mkulima alikuwa na mikungu 48 ya matoke, akauza robo yake, je alibakiwa na mingapi? Mtoto haruhusiwi kushika kalamu mpaka kwanza alisimulie swali kwa Kiswahili chake mwenyewe, kana kwamba anamsimulia bibi yake. Nani alikuwa na nini? Akafanya nini? Sisi tunataka kujua nini? Akikwama kwenye neno "robo", kwa sababu kwao halitumiki, mwenzake humchorea mikungu chini na kuigawa mafungu manne. Halafu analirudia swali kwa Kiingereza, kwa mdomo. Mwisho kabisa ndipo anaandika 36.

Inachukua muda. Katika saa moja tunamaliza maswali manne au matano, na siku za mwanzo wafundishaji wetu walilalamika kwamba tunakwenda mwendo wa kobe. Lakini yule msichana wa miaka kumi na mitatu ndiye sasa anayewasimulia wengine.

Kiswahili kipi?

Jambo hili linatuhusu sisi wa idara kuliko mtu mwingine yeyote, nasi tutalizungumza kwa kirefu kidogo.

Wanafunzi wetu wamefundishwa Kiswahili sanifu, na wanakipenda. Mtoto wa Kivu akisema "batoto banaenda ku masomo", mkono wa mfundishaji humwasha kusahihisha: sema "watoto wanakwenda shuleni". Mtoto hunyamaza. Wiki ijayo hazungumzi tena. Tumemwambia, bila kukusudia, kwamba hata ile lugha moja aliyofikiri anaijua haijui.

Tazameni lakini sentensi yake ilivyo na utaratibu. Ngeli ya watu ina mu- katika umoja na ba- katika wingi, na kitenzi kinafuata: batoto banaenda. Mahali panaonyeshwa kwa "ku" mbele ya nomino badala ya -ni nyuma yake. "Masomo" ni shule. Hakuna kilichovurugika. Na zaidi ya hayo, mu- na ba- hiyo ndiyo inayomkaribisha kwa majirani zake wote. Mnyankore husema omuntu, abantu. Mnyarwanda na Mrundi husema umuntu, abantu. Mkongo wa Kivu husema mutu, batu. Kiswahili sanifu kinasema mtu, watu. Tulipoyaandika haya ubaoni kwa mistari minne, mmoja chini ya mwingine, watoto wa Kinyankore ambao siku zote walikaa nyuma wakidhani Kiswahili ni lugha ya wageni walianza kutaja maneno yao wenyewe: enyama na nyama, ebitabo na vitabu, amaizi na maji. Kipindi hicho hatukukipanga. Ndicho kilichofanikiwa kuliko vyote.

Kwa watoto wa Kisomali mlango uko upande mwingine. Lugha yao si ya Kibantu, na ngeli huwasumbua sana, jambo lisiloshangaza. Lakini wana macallin, sisi tuna mwalimu. Wana qalin, sisi tuna kalamu. Wana waqti, sisi tuna wakati. Kiarabu kimewapa na kimetupa. Mtoto akigundua kwamba maneno ya darasani tayari anayo nusu mdomoni, uso hubadilika.

Kwa hiyo kanuni yetu sasa ni hii: katika kuzungumza hatumsahihishi mtu. Katika kuandika tunamwonyesha umbo sanifu kando ya la kwake, yote mawili yakiwa ubaoni, wala hatufuti la kwake. Sombe na kisamvu, lengalenga na mchicha, franga na pesa. Wenzetu wengine idarani hawakubaliani nasi. Wanaona tunalegeza lugha. Tumewaalika waje saa nane mchana chini ya mti ule, na mmoja alikuja.

Makundi kwa kiwango cha kusoma

Kosa jingine la mwanzo lilikuwa kuwagawa watoto kwa madarasa yao ya shule. Darasa la nne lilikuwa na mtoto asomaye hadithi nzima na mwingine asiyezijua herufi zote, na hilo si la Ngarama peke yake. Upimaji wa Uwezo, ulioanza Afrika Mashariki mnamo mwaka 2009 kwa kufuata mfano wa India, umeonyesha mara nyingi kwamba katika Kenya, Uganda na Tanzania watoto wengi walio katika madarasa ya juu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Shirika la Pratham la India, ambalo ndilo chanzo cha mfano huo, liliingia katika dawa vilevile: kwa saa moja kwa siku, wagawe watoto kwa kiwango cha kusoma, bila kujali umri wala darasa.

Tumelifuata hilo. Kila mtoto husoma mbele ya mfundishaji mmoja kwa dakika chache: herufi, neno, aya fupi, hadithi. Anapelekwa kundi lake. Baada ya wiki sita tunarudia, na anayevuka anahama papo hapo. Tahadhari moja tu: wakubwa huona aibu kukaa na wadogo. Kwa hiyo makundi hatuyaiti kwa namba. Tumeyapa majina ya maziwa ya Afrika Mashariki, na lile la herufi ndilo Nakivale, kwa heshima ya ziwa lililo jirani.

Vitabu vya hadithi ni vichache. Tunachapa vile vya mradi wa African Storybook, ambavyo vinaruhusiwa kunakiliwa bure na vinapatikana katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kinyarwanda zikiwamo. Hadithi moja katika lugha mbili, mkononi mwa watoto wawili, hufanya kazi kubwa.

Walimu tuliowapita njiani

Tulipokuwa tukisafirisha wanafunzi kutoka Mbarara kila wiki kwa gharama ya mafuta, tulikuwa tukipita mbele ya nyumba za watu waliofundisha shule kwa miaka mingi huko Kongo na Burundi. Vyeti vyao ni vya Kifaransa, na bila kulinganishwa na kusajiliwa hawawezi kuajiriwa kama walimu kamili nchini Uganda. Utaratibu huo una gharama na safari zake. Baadhi yao ni wasaidizi wa darasa, hasa kwa kutafsiri. Wengine wanalima, wengine wanauza mkaa.

Sasa wao ndio wanaoongoza vipindi vya Ngarama, na wanafunzi wetu ndio wasaidizi. Mgeuzo huu haukuwa rahisi kwa vijana wetu. Posho ndogo iliyokuwa ikilipwa kama nauli inakwenda kwa walimu hao. Kila kipindi lazima kiwe na watu wazima wawili, mmoja wao mwanamke, na daftari la mahudhurio lina safu ya "nani alimchukua". Mambo hayo mawili hayana mjadala.

Njaa, kwa upande wake, hatukuitatua. Tangu Aprili 2020, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipopunguza mgao kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha, upunguzaji umefuatana na upunguzaji, na tunaona tofauti katika macho ya watoto saa nane mchana. Wazazi hupika uji wanapoweza. Wasipoweza tunafupisha kipindi. Tulijadili kama ni halali kumfundisha mtoto ambaye hajala, na hatukufika mwisho wa mjadala. Watoto walipoulizwa walisema tuendelee.

Na Mbarara?

Mjini mambo yako kinyume, ndiyo maana ratiba moja haikuweza kufaa. Watoto wengi wa kituo cha Mbarara ni Wanyankore ambao nyumbani hawasikii Kiswahili kabisa. Baadhi ya wazee wanakikumbuka kama lugha ya askari, na ukumbusho huo si wa bure. Idi Amin ndiye aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na watu waliokuwa Mbarara miaka ile wana ya kusimulia. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ukakiingiza kidato cha kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu hawajatosha. Kwa hiyo mtoto wa Mbarara anahitaji hasa lile ambalo wa Ngarama halihitaji: somo la Kiswahili lenyewe, tangu salamu.

Kinachokosekana mjini ni watu wa kuzungumza nao. Muhula ujao tutajaribu kuwaleta watoto kumi wa Ngarama Mbarara kwa siku moja, wao wawe wafundishaji wa Kiswahili, na mwezi unaofuata wale wa Mbarara waende Ngarama wawasaidie wenzao Kiingereza. Wazazi wa Ngarama wamekubali kwa sharti kwamba basi lirudi kabla ya saa kumi na moja. Wale wa Mbarara bado wanauliza maswali juu ya safari ya makazini, nasi tunakwenda kukaa nao Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Wanafunzi wa mwaka wa pili watakaojiandikisha wajue mambo matatu kabla hawajaja ofisini. Hatutagawa madaftari siku ya kwanza. Gari la Ngarama huondoka saa nne asubuhi, si saa tano. Na kila mmoja afike akiwa anajua kuhesabu hadi kumi na kuamkia kwa Kinyankore, Kinyarwanda na Kisomali. Watoto watamjaribu kabla hajakaa.